MITA KWANZA, UFUNGUO BAADAYE
Askari na hesabu ya maji, umeme na makaa katika nyumba ya kupanga Bwiza

Na Mwandishi Wetu

Si kila mwanajeshi wala kila polisi wa Bujumbura anayelala kambini. Wapo wengi ambao kwa sababu ya ndoa, watoto au uchache wa nafasi huagana na makambi ya Muha na Ngagara, wakaenda kutafuta chumba na sebule mitaani. Na anayetaka nyumba iliyo karibu na katikati ya mji, karibu na soko, shule na kituo chake cha kazi, mara nyingi miguu humfikisha Bwiza.

Wakati wa kupatana, neno linalozungumzwa ni moja tu: kodi. Mwenye nyumba hutaja faranga zake, mpangaji huomba apunguziwe, wakakutana katikati. Dhamana hulipwa na ufunguo hukabidhiwa. Mwezi wa kwanza unapokaribia kwisha ndipo wadai wengine watatu wanapobisha hodi, nao ni maji, umeme na makaa. Hao hawakuwapo wakati wa mapatano, wala hawajui kupunguza bei kwa kuombwa.

Kwa askari aliyetoka kambini jambo hili ni geni. Kambini bomba likimwaga maji, au taa ikiwaka usiku kucha, ankara haipiti mkononi mwake. Mtaani kila ndoo na kila mwanga una mlipaji, na mlipaji ni yeye. Makala haya yana shabaha moja tu: kuonyesha kwamba gharama hizo zaweza kuhesabiwa kabla ya kuhamia, na kwamba hesabu hiyo huanzia kwenye mita.

NYUA ZA BWIZA

Bwiza ni mtaa wa zamani. Pamoja na jirani yake Buyenzi, ulianzishwa katika enzi ya utawala wa Wabelgiji, mji ulipokuwa bado ukiitwa Usumbura, ili uwe makazi ya Waafrika. Njia zake zilinyooshwa kwa mistari na kupewa namba, na mpaka leo mkazi wa Bwiza hujielekeza kwa namba ya avenyu yake. Mwaka 2014, mji ulipogawanywa upya katika komini tatu, Bwiza uliingizwa katika komini ya Mukaza pamoja na Buyenzi, Rohero na Nyakabiga.

Viwanja vyake vya asili havikubaki kama vilivyopimwa. Kadiri mji ulivyokua, wenye viwanja waliongeza vyumba nyuma ya nyumba ya mbele, kisha vyumba vingine ubavuni, hata ua mmoja ukawa na kaya tatu, nne au zaidi. Kaya hizo hutumia lango moja, choo kimoja na bomba moja. Katika nyua nyingi hutumia pia mita moja, na hapo ndipo penye kiini cha mambo.

Mwenye kusambaza maji na umeme mjini ni shirika la serikali, REGIDESO. Umeme wenyewe hutoka mbali. Mtambo wa Mugere, wenye nguvu ya megawati 8, ulianza kazi mwaka 1982. Ule wa Rwegura, wenye megawati 18, ukafuata mwaka 1986. Na mwaka 1989 ukaanza wa Ruzizi wa pili, ambao Burundi inaumiliki kwa ushirika na Rwanda na Kongo. Yote hiyo huendeshwa kwa nguvu za mito. Kwa hiyo mwisho wa kiangazi, mito inapopungua, umeme nao hupungua, na mgawo huingia mjini. Na kwa kuwa sehemu kubwa ya maji ya Bujumbura huvutwa kutoka Ziwa Tanganyika kwa pampu za umeme, taa zikizimika kwa muda mrefu mabomba nayo huanza kukauka. Mpangaji asiyejua uhusiano huo hushangaa kupatwa na misiba miwili kwa siku moja.

MASWALI KABLA YA KULIPA

Askari hufunzwa kupeleleza njia kabla ya kikosi kupita. Nyumba nayo ipelelezwe kabla ya dhamana kutoka mfukoni. Yapo maswali matano ambayo mwenye nyumba mwaminifu hatayachukia.

La kwanza: mita ni ya nani? Chumba kina mita yake, au kinategemea ya ua mzima? Usitosheke na maneno. Omba kuonyeshwa mita yenyewe, kisha uzime swichi kuu ya chumba na utazame ni ipi inayosimama.

La pili: mita ni ya aina gani? Nyumba nyingi za mjini sasa zina mita ya umeme ya kulipia kabla, ile ambayo wakazi huiita Cash Power. Mpangaji hununua uniti, hupewa namba ndefu ya tarakimu 20, huiingiza katika mita, na umeme huwaka mpaka uniti ziishe. Maji kwa kawaida husomwa baada ya kutumika, na ankara huja mwisho wa mwezi. Tofauti hiyo ni kubwa kwa mtu mwenye mshahara. Umeme wa kulipia kabla haukopeshi; maji hukopesha kimyakimya, na deni lake hukua bila kupiga kelele.

La tatu: je, kuna deni la zamani? Omba kuona ankara ya mwisho ya maji na risiti yake. Kwa umeme, mwombe mwenye nyumba anunue uniti kidogo mbele yako, kisha usome risiti: jina la mteja, namba ya mita, fedha zilizolipwa, makato na uniti zilizopatikana. Ikiwa fedha zimeingia nyingi na uniti zimetoka chache kuliko bei inavyostahili, yupo mtu aliyekula kabla yako.

La nne: maji hutoka saa ngapi? Swali hili aulizwe jirani wa ua, wala si mwenye nyumba peke yake. Bomba linalotoa maji usiku wa manane tu lina gharama yake, kwa kuwa itabidi kununua mapipa na bidoni za kuhifadhia, na mtu wa kukesha.

La tano: waya zikoje? Tazama kama waya zimeunganishwa kwa kusokotwa na kufungwa mifuko ya nailoni, na kama soketi ina alama nyeusi ya moto. Ua wa vyumba sita vilivyonyonya waya mmoja mwembamba ni hatari kwa kila alalaye humo.

Majibu yakiridhisha, siku ya kuhamia yaandikwe: tarehe, tarakimu za mita ya maji, uniti zilizobaki katika mita ya umeme, na sahihi za pande zote mbili. Karatasi hiyo moja huzuia ugomvi mwingi.

MITA MOJA, KAYA NNE

Watu wengi hudhani kwamba kuchangia mita ni nafuu. Hesabu husema kinyume. Bei za REGIDESO kwa matumizi ya nyumbani hupanda kwa ngazi: uniti za mwanzo za mwezi huuzwa kwa bei ya chini, ili hata mwenye kipato kidogo apate mwanga, na kadiri matumizi yanavyoongezeka ndivyo bei ya kila uniti inavyokuwa kubwa. Utaratibu huo uliwekwa kwa haki. Lakini mita haina macho. Haioni kwamba nyuma yake zipo kaya nne maskini. Huona mteja mmoja mwenye matumizi makubwa.

Tuchukue mfano wa kubuni, wenye tarakimu rahisi. Tuseme uniti 50 za kwanza ni faranga 1 kila moja, na zinazozidi hapo ni faranga 3. Kaya moja inayotumia uniti 40 kwa mita yake hulipa faranga 40. Kaya nne za namna hiyo, kila moja na mita yake, hulipa jumla ya faranga 160. Sasa ziweke kaya hizo nne katika mita moja. Jumla ya matumizi ni uniti 160: uniti 50 za kwanza ni faranga 50, na uniti 110 zilizobaki ni faranga 330. Jumla ni faranga 380. Umeme ni uleule, taa ni zilezile, lakini malipo yamezidi maradufu.

Kwa sababu hiyo, chumba chenye mita yake kinaweza kuwa rahisi kuliko chumba cha kodi ndogo chenye mita ya kuchangia. Ikiwa mwenye nyumba anakubali kuomba mita ya pili REGIDESO, na gharama yake ikakatwa kidogo kidogo katika kodi kwa maandishi, mpangaji anayekusudia kukaa muda mrefu hapotezi kitu.

Panapokuwa hapana budi kuchangia, basi pawe na kanuni. Maji yagawanywe kwa idadi ya watu, si kwa idadi ya vyumba. Mseja mmoja asilipie nguo za watoto saba. Umeme ugawanywe kwa vyombo vilivyomo, au kila kaya iweke mita ndogo ya ndani inayopima matumizi yake. Mmoja achaguliwe kukusanya fedha, aandike katika daftari linaloweza kusomwa na wote. Mji umezoea daftari la kaya, lile linaloorodhesha walalao katika kila nyumba, na polisi wanalijua vema. Ua unaochangia mita unahitaji daftari la pili, la uniti na mita za ujazo. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari.

HESABU KWA UNITI

Bei hubadilika kila serikali inapotangaza viwango vipya. Kiasi ambacho pasi au taa hula hakibadiliki kwa tangazo. Hivyo mwenye kupanga matumizi ahesabu kwanza uniti, kisha azizidishe kwa bei ya wakati huo.

Kanuni ni nyepesi. Kila chombo kimeandikwa nguvu yake kwa wati. Zidisha wati kwa saa zinazotumika, gawanya kwa 1,000, utapata uniti. Tumchukue koplo mwenye mke na watoto watatu. Ana taa nne za kisasa za wati 9, zinazowaka saa tano kila usiku: hizo ni uniti 5.4 kwa mwezi wa siku 30. Televisheni ya wati 60 kwa saa tano kila siku ni uniti 9. Simu mbili zinazochajiwa kila siku ni kama uniti 1. Pasi ya wati 1,000, ikitumika saa mbili kwa juma kunyosha sare na nguo za shule, ni kama uniti 8. Jumla haizidi uniti 24.

Sasa aongeze jiko la umeme la wati 1,500, lipikalo saa mbili kila siku. Jiko hilo peke yake ni uniti 90. Kutoka uniti 24 amefika 114, karibu mara tano, na katika bei za ngazi nyongeza hiyo yote huangukia ngazi za juu. Au tuseme aliweka balbu za zamani za wati 60: taa nne zilezile, kwa saa zilezile, zitakula uniti 36 badala ya 5.4. Balbu ya bei rahisi dukani ndiyo ghali nyumbani.

Kuhusu pasi, ambayo askari hawezi kuikwepa, siri ni kunyosha nguo za juma zima kwa mara moja. Pasi hutumia umeme mwingi inapopata moto. Anayeiwasha kila alfajiri kwa shati moja huilipia joto hilo mara sita au saba.

MAJI: BIDONI 50 KATIKA MITA MOJA

Ankara ya maji huhesabiwa kwa mita za ujazo. Mita moja ya ujazo ni lita 1,000, yaani bidoni 50 za lita 20. Anayelikumbuka hilo ataisoma ankara kama anavyosoma saa. Watu watano, kila mmoja akitumia lita 50 kwa siku kwa kunywa, kupika, kuoga na kufua, hutumia lita 250 kwa siku, na kwa mwezi mita za ujazo 7 na nusu. Ankara ikija na mita 15, ama pana mtumiaji asiyejulikana, ama pana tundu.

Tundu hutafutwa hivi: usiku, watu wakiisha kulala, funga mabomba yote na uandike tarakimu za mita, alfajiri, kabla ya mtu kuchota, zisome tena. Zikiwa zimesogea, maji yanapotea ardhini au chooni. Bomba linalodondosha kikombe cha nusu lita kwa saa huonekana si kitu. Kwa mwezi limemwaga lita 360, ambazo ni bidoni 18. Mpira mdogo wa bomba na nusu saa ya fundi ni nafuu kuliko hasara hiyo. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Fedha za maji zisipunguzwe kwa kutumia maji mabaya. Tarehe 1 Januari 2023 wizara ya afya ilitangaza mlipuko wa kipindupindu mjini Bujumbura, na ugonjwa huo hupenda mahali ambapo mabomba yamekauka na watu wamekimbilia maji ya mtoni au ya ziwani. Katika bajeti ya kuhamia pawepo bidoni tatu au nne zenye vifuniko, zilizojazwa siku maji yanapotoka, na makaa ya kuchemshia ya kunywa.

MAKAA NA JIKO

Kambini askari hupikiwa. Hata moto wake una historia yake: tangu mwaka 1977 Burundi ina shirika la ONATOUR, linalochimba mabondeni ule udongo wa majani yaliyooza ambao ukikaushwa huwaka kama kuni, na makambi ya jeshi na magereza yalikuwa miongoni mwa wateja wake wakubwa. Mtaani mambo ni mengine. Jikoni Bwiza hutawala makaa.

Makaa hushuka kutoka vilimani kwa malori, kwa hiyo bei yake hufuata mvua na mafuta ya magari. Mvua zikizidi, njia huharibika na makaa hulowa. Na katika miaka ya 2022 hadi 2024, mafuta yalipoadimika nchini, kila kilichobebwa kwa gari kilipanda. Mwenye nafasi kavu ya kuhifadhi anunue gunia zima wakati wa kiangazi, kwa maana anayenunua kwa vikopo kila jioni hulipia faida ya wachuuzi wawili au watatu. Jiko lililokandikwa udongo ndani hutunza joto kuliko jiko tupu la bati, na maharage yaliyolowekwa usiku huiva kwa makaa machache.

Lipo onyo moja lisilo na mjadala. Jiko la makaa lisilazwe ndani ya chumba kilichofungwa, hata mvua ikinyesha, hata mtoto akisikia baridi. Hewa yake yenye sumu haina harufu wala moshi, na aliyelala haamki.

AMRI YA SAFARI

Mpangaji wa kawaida huhama akitaka. Askari huhama akiamriwa. Kuanzia Desemba 2007 hadi mwisho wa mwaka 2024 wanajeshi wa Burundi walitumika Somalia chini ya Umoja wa Afrika, na wenzao wengi wametumika Afrika ya Kati. Polisi naye aweza kuhamishiwa mkoa mwingine kwa barua ya siku chache. Nyuma yake hubaki mke, watoto na mita.

Basi nyumba iandaliwe kana kwamba amri itafika kesho. Mama wa nyumbani awe na nakala ya mkataba, karatasi ya siku ya kuhamia, risiti zote na namba ya mita iliyoandikwa mahali pa wazi. Mwenye namba hiyo aweza kununua uniti akiwa mbali, na tarakimu za kuingiza zikatumwa nyumbani kwa ujumbe wa simu. Kubwa zaidi, mama huyo ajue hesabu yenyewe, si kupokea fedha tu. Nyumba ambayo mume peke yake ndiye ajuaye madeni yake huwa kama kikosi ambacho kamanda peke yake ndiye ajuaye njia.

Mshahara unapoingia, fedha zigawanywe siku hiyohiyo katika bahasha nne: kodi, maji, umeme na makaa. Bahasha ya maji isiguswe kwa sababu ankara haijafika. Fedha hizo zimekwisha kutumika, zinamngoja mwenyewe. Gharama za mara moja, yaani dhamana, balbu, bidoni, jiko na kufuli, zihesabiwe kando, maana hizo ndizo zinazomfanya mpangaji mpya akope mwezi wa kwanza na kulipa madeni mwaka mzima. Na ikiwa bahasha nne kwa pamoja zinakula zaidi ya nusu ya mshahara, nyumba hiyo ni nzuri, lakini si ya mshahara huo. Itafutwe nyingine mapema, kabla ya dhamana kulipwa.

SARE HAIPUNGUZI BEI

Imebaki nukta moja, nayo yahusu heshima. Katika kila mji wapo mafundi wa uchochoroni wanaojua kuupitisha umeme kando ya mita. Humnong'oneza mpangaji mpya kwamba jambo hilo ni dogo na kwamba ua mzima hufanya hivyo. Kwa askari si dogo. Yeye ndiye anayeitwa mwizi anapokamatwa. Hawezi asubuhi kumfunga mtu pingu, na jioni akasomea mwanga wa wizi. Tena waya za namna hiyo huunguza nyumba, na moto hauulizi cheo.

Vivyo hivyo, ugomvi wa ankara usimalizwe kwa sare. Msoma mita akikosea, zipo tarakimu zilizoandikwa siku ya kuhamia. Mwenye nyumba akidai mara mbili, zipo risiti. Majirani wakikataa kuchangia, yupo mkuu wa mtaa. Askari anayeweka karatasi mezani hushinda na kubaki jirani mwema. Anayeweka mkanda na kofia mezani huenda akashinda siku ile, lakini ua mzima utamwogopa, na siku atakapokuwa safarini hatakuwapo wa kumgongea mkewe mlango na kumwambia kwamba bomba linavuja.

Askari wa nchi hii amezoea kuhesabu risasi zake kabla na baada ya zamu, wala haoni aibu kuhesabu. Azihesabu na uniti zake vivyo hivyo. Ataona kwamba mshahara uleule, uliokuwa ukiyeyuka kabla ya tarehe 20, unaweza kumfikisha mwisho wa mwezi, taa ikiwaka na watoto wakiwa wameoga.